Daftari la Barua la Mzee Dalmas

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Dalmas Wesonga anastaafu baada ya miaka ishirini na sita akiwa mesenja wetu. Jumatatu inayofuata tunawasha seva yetu ya kwanza ya baruapepe. Anayedhani mimi, Mumbi wa kompyuta, nimefurahia siku hizo kufuatana hanijui. Sijatulia wiki nzima.

Alipoajiriwa, shirika letu la afya lilikuwa zahanati ya chumba kimoja cha mabati mtaani Sarang'ombe. Tulipofungua zahanati ya pili mtaa wa Kabiro, barua zote za huku na kule zilipita mikononi mwake, kwa miguu, kuwe na mvua au jua. Hata baruapepe, zilizoingia kwa anwani moja tu ya ofisi, nilizichapisha naye akazipeleka. Kwake barua haikuwa imefika mpaka uifungue mbele yake na kutia sahihi kwenye daftari lake. Ukijifanya una shughuli, alisimama mlangoni akizungusha kalamu. Mkurugenzi mmoja alijaribu kumngoja achoke. Alisaini saa saba, njaa ikiwa imemshinda.

Mtu huyu hakai kitako. Nilipoanza kupanga seva mwezi wa pili, alinifuata chumba kwa chumba. Nilitaka kuiweka stoo. Akanijulisha kuwa stoo inatumia laini moja ya stima na jirani anayechomelea vyuma, na kila akichomelea, taa hufifia. Nikachagua chumba cha mbele. Akanionyesha bati linalovuja. Tukaishia nyuma ya mapokezi, pakavu, pamoja na betri ya akiba. Mchoro ni wangu, akili ni yake.

Mwezi wa tano tukaifanyia seva jaribio la siku moja. Asubuhi nilituma Kabiro barua ya hospitali: mtoto Marion, mgonjwa wa Kabiro, amepata nafasi ya kupasuliwa mguu, mama yake athibitishe kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Kompyuta ikasema imefika, nami nikajipongeza. Saa sita Dalmas akauliza ni nani amesaini. Nikamcheka. Akavaa koti, akaondoka.

Kumbe barua ilikuwa haijafunguliwa. Njambi, muuguzi wa Kabiro, alisikia mashine ikilia akaiacha, akiamini kuwa barua ikiwa ya maana, Dalmas ataileta. Alipoinua macho, Dalmas alikuwa mlangoni.

"Niaje Njambi. Hiyo barua umeisoma, ama iko tu kwa mashine?"

Njambi akaisoma, akamtafuta Mama Marion, naye akathibitisha saa tisa na nusu. Marion sasa anatembea, na mimi sicheki tena.

Nimeongeza mstari mmoja kwenye mpango: anayetuma barua ya haraka ampigie simu mwenzake mpaka aseme ameisoma. Ni sheria ya Dalmas bila miguu ya Dalmas, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumatano aliniletea daftari. Mstari wa mwisho aliandika: "Barua zote, Sarang'ombe na Kabiro. Kwa Mumbi." Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu. Nikajifanya nina shughuli. Akasimama mlangoni akizungusha kalamu mpaka nikasaini.

Mzee Dalmas, asante kwa kila hatua. Nenda nyumbani Busia ukapumzike, kama utaweza, na Mungu akujalie maisha mema na marefu. Tumekufungulia anwani yako, na barua ya kwanza kupita kwenye seva Jumatatu itakuwa hii. Nitakupigia simu mpaka useme umeisoma.