Kwapa la Koti Jeusi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja juu ya madebe mawili ya rangi, nje ya duka la fundi cherehani waliyemwita Mzee Pindo, na asubuhi hiyo lilibeba wazee wawili, fundi magari mmoja na koti moja. Muuza kahawa, Bi Birika, alikaa kwenye kigoda chake pembeni, maana ubao ule haumwamini na yeye hauamini. Koti lilikuwa jeusi, refu nyuma, la binti yake Mzee Pindo, ambaye kazi yake ni kuongoza okestra. Jumamosi iliyopita, onyesho likiwa katikati, lilifumuka kwapa la kulia na ukumbi mzima ukaona bitana. Binti alilileta alfajiri, akaliweka juu ya cherehani, akasema, "Baba, Jumamosi hii nina onyesho jingine," akaenda zake mazoezini. Hakulaumu. Mzee Pindo angependa alaumiwe. Lawama angejua pa kuiweka.

— Ulimpima? akauliza Hakimu. Hakimu hajawahi kuwa hakimu. Alikuwa mlinzi wa mlango mahakamani, akastaafu na sauti za wakubwa wake.

— Nilimpima. Kifua, mabega, kiuno, urefu wa mkono. Kama koti lolote.

— Basi amenenepa.

— Atanenepa saa ngapi? Jumamosi hii yuko na okestra, Jumamosi ijayo okestra na kwaya, halafu onyesho la uwanjani, halafu anapanda ndege akaongoze watu wasiomjua. Huo mwili unenepe kwenye ngazi za ndege?

Matangazo ya binti yalikuwa yamebandikwa mtaa mzima, hata kwenye mlango wa kinyozi, na jina lake lilikuwa kubwa kuliko la kinyozi.

Fundi magari, ambaye mtaa unamwita Spana, alilichukua koti, akapitisha ngumi kwenye tundu, akaichungulia upande wa pili kama anayekagua ekzosi.

— Hapa kuna nguvu imepita, akasema. — Mzee wangu, hii si kazi ya uzi mbovu. Kwani yule dada pale mbele anafanya nini hasa?

Mzee Pindo aliinama kutafuta sindano ambayo alikuwa nayo mdomoni. Swali hilo ndilo lililomfanya asikanyage ukumbini hata mara moja. Kila msimu binti alimletea kadi ya mwaliko, kiti cha mbele, na kila msimu alijibu ana nguo za watu. Aliogopa jirani wa kiti amgeukie amuulize, naye baba mzazi akose la kusema.

— Anaongoza, akasema.

— Anaongoza vipi na hapigi chochote?

— Ni kama yule anayekuelekeza ukirudisha gari nyuma, Spana akajijibu mwenyewe. — Njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo. Gari haendeshi yeye, lakini ukigonga ukuta kosa ni lake.

— Si hivyo, akasema Hakimu. — Wale wapigaji kila mmoja ana karatasi yake. Ukiwaacha, mwenye fidla anamaliza mapema, anafunga sanduku, anakwenda kula, mwenye tarumbeta bado yuko ukurasa wa pili. Yule binti ni wa kuzuia utoro.

Bi Birika alimimina kahawa bila kumtazama mtu.

— Mimi nikipunga mikono hivyo nafukuza nzi, na hakuna anayenipigia makofi.

— Wewe bibi huna kijiti cha kuongozea, akasema Hakimu.

— Nina mwiko.

— Tarumbeta, Spana akasema ghafla. — Hapo ndipo palipo na tatizo. Hesabu mwenyewe: tarumbeta zote zimemwelekea yeye. Upepo wote ule unaingia wapi? Unaingia mikononi mwa koti, unatafuta pa kutokea. Ukafika kwapani.

Hakimu alitafakari. Alikuwa na tabia ya kufumba macho kabla ya kuhukumu.

— Ndiyo maana anawapa watu mgongo, akasema. — Anawakinga. Bila yeye, wa kiti cha mbele wangepata kichomi.

— Na mimi napewa kadi za kiti cha mbele, akasema Mzee Pindo polepole.

— Usiende, shemeji, Bi Birika akamwambia. — Kadi yako ya mwaka jana ninayo, naiwekea birika. Inastahimili moto kuliko koti lako.

Kuanzia hapo wakaingia kwenye matibabu. Spana alitaka kitambaa cha turubai, na matundu mawili mgongoni ya kupumulia. Hakimu alipendekeza makoti mawili, moja la sehemu ya kwanza na moja la akiba, liwekwe chini ya ulinzi. Bi Birika alisema ikatwe mikono yote, liwe fulana, waone kama muziki utakataa kutoka. Mzee Pindo aliwasikiliza wote, chaki mkononi, na kila alipotaka kuchora mstari kwenye kwapa, mkono ulisita. Angeweza kushona palepale kwa uzi mara mbili, na Jumamosi pangefumuka pembeni yake. Alilijua hilo. Mtoto angesimama tena mbele ya watu na bitana nje, na watu wangesema huyu hana fundi, kumbe fundi ni baba yake.

Ndipo akafika mama mmoja aliyebeba sketi ya zipu mbovu. Hakuna aliyemfahamu. Akasubiri wamalize, hawakumaliza, akaweka sketi kwenye ubao na kulitazama koti.

— La nani?

Wakamweleza, wote kwa pamoja, hadi upepo wa tarumbeta. Alisikiliza kwa adabu.

— Na akiwa kazini, akauliza, mikono yake inafika wapi?

Hakimu aliinua yake mpaka mabegani. Spana akaipeleka yake juu kabisa, kama mtu aliye chini ya gari lililonyanyuliwa. Bi Birika aliishia kifuani, birika hakuliachia. Mpita njia mmoja mwenye mkungu wa ndizi aliwaona, akadhani wanaporwa, akaharakisha.

Mzee Pindo aliwatazama mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alimpima binti yake amesimama wima, mikono chini, kama bwana harusi.

Akavaa futi shingoni, akaondoka.

— Na sketi yangu? akauliza yule mama.

— Keti, akasema Bi Birika. — Kahawa bado ipo.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa shule, nyuma ya mtaa. Mzee Pindo alisukuma mlango, na wapigaji wote wakanyamaza, maana kiongozi wao alikuwa amekatiza. Binti alivaa fulana na kandambili, kijiti mkononi. Alimwona baba yake akija kati ya viti, uso ukambadilika.

— Baba. Nani amekufa?

— Hakuna. Inua mikono.

— Hapa?

— Inua kama unavyoinua.

Akainua. Nyuma yake, ambako hakutazama, fidla zote zilipanda mabegani na tarumbeta zikapanda midomoni. Mzee Pindo hakuziona. Alipitisha futi chini ya kwapa, akaikaza, akaisoma, akanong'ona namba mara mbili asiisahau. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, kubwa sana.

— Haya, akasema. — Shusha.

Akashusha, na okestra nzima ikapiga.