Fundi Shwari, Mtu wa Lifti

Ndugu, jamaa na majirani, nanyi mafundi mliokuja na sare zenu za kazi: huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mshona nguo. Jina la Shwari hakupewa na wazazi. Alilipata ukubwani, kwa sababu kila alipofika kwenye lifti iliyokwama na watu ndani, aliweka mdomo kwenye upenyo wa mlango na kusema, "Shwari, nipo hapa." Waliokuwa wakilia walinyamaza. Waliokuwa wakitukana walianza kuomba radhi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza sekondari mwaka 1984. Darasani hakuwa wa kutajwa wala wa kusutwa. Akili yake ilikuwa mikononi. Siku moja aliifungua redio ya baba yake kipande kwa kipande, akaifunga tena, skrubu kadhaa zikabaki mezani. Baba alivua mkanda, akawasha redio kwanza ili awe na ushahidi, na redio ikaimba vizuri kuliko siku zote. Mkanda ulirudi kiunoni. Mwaka 1987 alipata cheti cha umeme na mitambo, na Januari iliyofuata akaajiriwa na kampuni ya kutunza lifti.

Huko alipangwa pamoja na fundi mmoja mwembamba, mcheshi, aliyeitwa Mrefu. Wawili hao walielewana kama pua na mdomo. Mmoja alikaa juu, kwenye chumba cha mashine. Mwingine aliingia shimoni, akapanda juu ya paa la lifti. Walisemezana kwa kuitana, sauti ikipanda na kushuka ndani ya shimo. Tarehe 14 Desemba 1991 Shwari alimwoa mdogo wake Mrefu, na tangu siku hiyo wakaitana shemeji.

Asubuhi ya harusi walikuwa wametoka kutengeneza lifti ya hospitali. Katika picha zote za siku ile bwana harusi amefumba macho, na ukitazama vizuri utaona kiwiko cha bibi harusi kimemshikilia asianguke. Mkewe alikuwa akituambia kwamba yeye aliolewa na suti, mwenye suti alikuwa amelala. Tulicheka miaka mingi. Wakajaliwa binti na mwana.

Jiji lilipanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, lakini mafundi hawakuongezwa. Simu ililia wakati wa chakula, ikalia msibani, ikalia mtoto akiwa na homa. Shwari alikuwa akiondoka na tonge mkononi. Hakulalamika, na ndiyo maana aliitwa tena.

Tarehe 22 Agosti 2016, mchana, mashemeji hao walikuwa kwenye jengo la ofisi. Walikuwa wametoka kazi moja wakaingia nyingine bila kupita nyumbani, na juma zima lilikuwa hivyo. Mrefu alikuwa chini, juu ya paa la lifti. Shwari, akiwa kwenye chumba cha mashine, aliuliza, "Shemeji, niwashe?" Hakujibiwa. Akauliza tena. Hakuwasha. Alishuka ngazi mwenyewe, na alichokikuta chini ya shimo familia hii inakijua. Hatuna haja ya kukisema mbele ya watoto.

Kampuni ilisema ni uzembe wa Mrefu: alifungua mkanda wa usalama. Shwari aliombwa aseme hivyo hivyo kwenye uchunguzi, na akaambiwa nafasi ya fundi mkuu iko wazi. Jioni ile mkewe alimwekea chakula, akakaa mbele yake, akamuuliza jambo moja tu. "Kaka yangu alikuwa mzembe?"

"Kaka yako alikuwa amelala," alisema. "Alifungua mkanda ajisogeze, akakaa, usingizi ukamchukua."

"Basi kaseme hivyo."

Akasema hivyo. Cheo alipewa mwingine. Kwa muda mrefu alipangiwa majengo ya mbali, lakini kauli yake ilisikika, na Februari 2018 aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikichunguza saa za kazi na afya za wafanyakazi. Mjumbe mmoja alitaka kujua ni nani aliyewalazimisha kufanya kazi namna ile. "Hakuna aliyetulazimisha," Shwari akajibu. "Tuliulizwa kama tunaweza, tukasema tunaweza. Aliyesema hawezi hakuulizwa tena, na ana watoto."

Mwaka uliofuata sheria ilipita. Uchovu uliwekwa miongoni mwa hatari za kazini, sawa na moshi na sumu. Mapumziko kati ya zamu yakawa lazima, siku ya mapumziko ikawa marufuku kumpigia mtu simu, na kila mfanyakazi akatakiwa kupimwa afya kila mwaka. Kampuni iliajiri vijana. Shwari akaanza kurudi nyumbani jua lingali juu, akawa hajui akae wapi.

Kipimo hicho cha lazima ndicho kilichoonyesha kwamba moyo wake umepanuka na shinikizo la damu limekaa juu kwa miaka. Daktari alimwambia bila kumficha kwamba sheria imechelewa kumfikia. Dawa alikunywa. Usingizi ndio uliokataa. Alijilaza mchana, akainuka akisema anaitwa. Kwenye jengo lolote lenye lifti alisimama, akategesha sikio ukutani. Siku moja kliniki, akisubiri majibu, aliweka kiganja kwenye mlango wa lifti na kusema polepole, "Shemeji, niwashe?" Mama mmoja alimshika mwanawe mkono wakapitia ngazi. Binti yake Shwari, aliyempeleka, hakumkatiza. Alisimama naye, wakasikiliza wote wawili, mpaka baba alipokuwa tayari kwenda.

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, baada ya chakula cha mchana, alikaa kwenye kiti cha dirishani. Alimwambia mkewe, "Leo usiniamshe. Niache niamke mwenyewe." Mke ambaye maisha yake yote ya ndoa alikuwa akimwamsha mumewe aende kazini alifurahi. Alivuta pazia. Alimwomba jirani apunguze redio. Watoto waliokuwa wakicheza nje akawahamisha upande wa pili. Akakaa karibu naye akishona, akimlinda asisumbuliwe, mpaka kivuli cha pazia kilipofika mlangoni na chai ikapoa, ndipo alipomgusa mkono.

Ameacha mke, binti, mwana, wajukuu watatu, dada yake anayewasomea maneno haya, na mjane wa Mrefu, ambaye kwake alikuwa kaka.

Familia inawashukuru nyote. Mafundi wenzake mliotoka zamuni moja kwa moja, tunawaomba jambo moja: mkitoka hapa kaburini msirudi kazini. Nendeni nyumbani mkalale. Naye alale salama.