Kigari Mtoni

Basi la kwenda mji wa Höfn, Iceland, lilikuwa likiyumba kwa upepo. Dagrún aliwategea sikio abiria wawili waliokaa mbele yake, mzee Ketill na mama mmoja aitwaye Hallbera, ambao walikuwa wamejuana palepale.

"Uliingia mtoni na hicho kigari chako?" Ketill aliuliza.

"Mama yangu anaumwa ng'ambo ya mto, simu hapokei. Ningefanyaje?"

"Ungeshuka kwanza, binti, ukapima kina kwa miguu yako."

"Nilikuwa na haraka, mzee wangu."

"Mto nao ulikuwa na haraka."

Dagrún aliuma mdomo asicheke.

Injini ilizimika katikati ya maji, Hallbera akaeleza, akapanda juu ya paa na kukaa saa nzima akitetemeka, mpaka aliposikia trekta.

"Nani alikuja kukuvuta?"

"Mama."

Ketill akageuka mzimamzima. "Si ulisema anaumwa?"

"Ana homa, na miaka themanini na mmoja. Aliniona kutoka dirishani."

"Sasa nani alimwokoa mwenzake?"

"Tunabishana tangu juzi. Anasema mimi ndiye niliyemwokoa, maana nisingekwenda, asingetoka kitandani."

Basi likasimama, wakashuka wote wawili, bado wakibishana nani alimwokoa nani. Kituo cha Dagrún kilikuwa mbele, lakini alitamani kushuka nao.