Costancia Zabron na Picha Alizokataa Kuzifuta

Mama yetu, Costancia Zabron, alizaliwa Vidunda tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Mzee Zabron na Mama Vaileth, wakulima wa mlimani.

Alisoma shule ya misheni, kisha sekondari Morogoro, na mwaka 1980 akahitimu fizikia Chuo Kikuu. "Nasomea mwanga, Baba," alimwambia Mzee. Mzee akacheka sana: "Mwanga si upo bure hapa Vidunda!"

Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Mwalimu Mhoja Bundala wa Mikumi. Walijaliwa watoto wawili.

Alikuwa mkaguzi wa mitambo katika kiwanda cha umma cha katani, Kilosa. Alimulika chuma kwa leza. Miale ikikutana, huchora mistari myeusi na myeupe, na umbo la mistari huonyesha chuma kilipotuna. Kwa hesabu ya vijiwimbi, yaani mawimbi mafupi mafupi, aliichambua picha kipande kwa kipande, akitenganisha mistari ya kweli na uchafu wa vumbi.

Mwaka 1996 kiwanda kiliuzwa. Mwaka uliofuata aligundua ngoma ya mashine, lile pipa la chuma linalozunguka, imetuna. Meneja mpya akamwamuru aondoe picha hizo kwenye taarifa.

"Karatasi inafutika. Chuma utakifuta wewe?" akamjibu, akakataa.

Wiki hiyo hiyo alipunguzwa kazi. Tarehe 3 Juni 1997 ngoma ilipasuka, ikamuua Stefano, mwendesha mashine. Kamati ya uchunguzi ikaandika kwamba alikuwa amelewa. Stefano, mzee wa kanisa, ambaye hata togwa iliyochacha hakuionja! Tunasema mbele ya jeneza hili: ulikuwa uongo.

Marehemu aliifuata kamati mara saba, na nakala za picha zile mkononi. Mwenyekiti alizisukuma picha kando. "Mama, hawa ni pundamilia."

"Pundamilia wako Mikumi, Mheshimiwa. Hiki ni chuma kilichotuna, na mliambiwa."

Mwaka 2000 neno "ulevi" liliondolewa kwenye ripoti ya kamati, kwa barua ya sentensi mbili. Hakuna aliyeomba radhi mpaka leo.

Mwaka 2002 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Wiki ya mwisho alitaka asomewe barua ile. "Miaka mitatu," alisema, "na neno samahani limewashinda kuandika?" Alifariki nyumbani Mikumi, tarehe 18 Agosti 2003, alfajiri.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto Agness na Obed, na mjukuu mmoja. Ameacha pia Marciana, mjane wa Stefano, aliyeomba jina lake liandikwe hapa, pamoja na ndugu wa damu.

Bwana ampumzishe kwa amani ambayo kamati ile haikumpa.