Kana za Penye Maji ya Bafu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti hii sitaipandisha tena. Hedwiga, niinulie mto. Kilian, umepanda huku milimani kutoka Chiwanda kuja kunizika, basi kaa kwanza unisikie. Na wewe Pankras, usisimame mlangoni kama mgeni anayeaga, maana ninayosema leo yanakuhusu wewe kuliko wenzako.

Shamba la kahawa la juu ni la Hedwiga, kwa sababu yeye ndiye aliyelipalilia ninyi mkiwa mnatafuta maisha. Ngoro za mahindi, yale mashimo yetu ya mteremkoni, mtalima ninyi wawili, na Kilian akibaki ziwani na samaki wake, apelekewe gunia lake kila mavuno bila kuliomba. Mashine ya kumenyea kahawa si yetu, ni ya mzee Othmar, irudisheni ikiwa imeoshwa. Hayo yalikuwa mepesi.

Sasa niseme linalonichoma. Wiki iliyopita, nikiwa nimelala hapahapa, nilisikia jembe likipiga chini, upande wa barabarani, penye maji ya bafu. Nikauliza ni nani, nikaambiwa ni Pankras anang'oa maua. Maua yangu ya kana, yale mekundu, ambayo ninyi wote mmeyakuta pale mlipozaliwa. Ati kampuni ya kununua kahawa inataka mahali pa kujenga banda la mizani, na wewe umeshawaitikia, na Jumatatu wanakuja kupima. Nilipokuuliza kwa ruhusa ya nani, ulinijibu nini? "Mama, mimi ndiye mkubwa hapa. Siku hizi biashara ni huria, chama cha ushirika hakitununulii tena. Na maua yako sijayatupa, nimeyapanda kwenye ndoo. Si ni yaleyale?"

Yaleyale. Miaka yote umekula mikononi mwangu, hukuwahi kutazama mikono hiyo inafanya nini. Umechukua ndoo za rangi, hata tundu moja chini hukutoboa. Kana hupenda maji kuliko ua lolote ninalolijua, lakini maji yanayopita. Ukiyafungia, viazi vyake vinaoza. Umeshindilia viazi kumi mahali pa viwili, na mabua yaliyokwisha kuchanua umeyaacha yamesimama yanyonye nguvu bure. Hedwiga aliniletea kiazi kimoja nikakinusa. Nimenusa maiti nyingi maishani mwangu, mwanangu, lakini ile harufu ilinitoa machozi, na sasa nitawaambia kwa nini.

Wewe si mkubwa, Pankras. Kaa chini.

Mwaka wa Uhuru, kabla yako, nilijifungua mtoto wa kike katika nyumba ya nyasi iliyokuwa pale chini. Alitoka akiwa anahema kama kifaranga kilicholowa. Bibi yenu, mama yake baba yenu Joakim, alipomwona anazimika, alikimbia nje kumwita katekista Isidori aje ambatize. Alikimbia mlima mzima, mama wa watu, na miguu yake mibovu. Mtungi ulikuwa kando ya kitanda changu, umejaa maji hadi shingoni. Miaka mingi baadaye padre mmoja alitufundisha kigangoni kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote, hata mkunga, anammwagia mtoto maji kichwani na kutamka maneno, na inatosha. Mtu yeyote. Nilikaa kwenye benchi nikayasikia hayo, nikawa nauona ule mtungi.

Isidori alifika, akamkuta ameshapoa. Hakuvua hata kofia. Alisema, "Huyu hakubatizwa, hawezi kulala katika makaburi yaliyobarikiwa," akageuka. Baba yenu, ambaye angeweza kumshika mtu shati kwa sababu ya mbuzi, alinyamaza. Akachimba shimo pale penye maji ya bafu, mahali ambapo hakuna atakayeuliza, akanikataza kulitaja. Nilimtii hadi alipokufa, na nikaendelea kumtii baada ya hapo, kwa upumbavu wangu.

Sikulia mbele yao. Nilikwenda bustanini kwa masista, nikaomba kiazi cha kana chenye jicho, nikakipanda juu yake. Na kila siku ya Mungu, kwa miaka thelathini na minne, nimemwagia maji pale. Ninyi mlidhani mama anapenda maua. Jina lake ni Beata. Nilimpa mwenyewe, na usiniambie, Pankras, kwamba alikuwa msichana tu, hahesabiwi. Kiwanja unachokigawa kina mwenyewe, na mwenyewe ni mkubwa wako.

Hedwiga, nipe maji kidogo. Basi, yanatosha.

Mnazijua rozari zangu. Kigango kizima kinasali kwa rozari zangu. Nilizitunga kwa mbegu za kana zile, mbegu hamsini na tisa kila moja, nyeusi na ngumu, nikizitoboa kwa sindano niliyoichoma motoni, na kila mwezi wa Oktoba nilizipeleka madhabahuni, padre akazibariki. Ya kwanza kabisa nilimpa Isidori. Aliipenda. Alizikwa nayo mkononi, mliiona. Aliyemfungia mwanangu lango la makaburi aliingia humo akiwa ameshikana naye mkono. Sikumsamehe, lakini siku ile nilicheka, nikiwa peke yangu jikoni.

Sasa fanyeni hivi. Zimwageni zile ndoo leo hii. Viazi vilivyooza katilieni mbali, vilivyo vigumu vigawanyeni, kila kipande kibaki na jicho, vipakeni majivu penye kidonda. Kilian atachukua viwili kwenye ndoo, na itobolewe chini, iwekwe changarawe kwanza, kisha udongo na maganda ya kahawa yaliyooza. Huko ziwani jua ni kali, amwagilie asubuhi na jioni. Vingine vyote virudi palepale vilipotoka.

Na mimi... msinipeleke makaburi ya kigango. Padre akija juu, mwambieni ni mimi Emerensiana niliyekataa mwenyewe. Nichimbieni pale, kando yake. Jumatatu wapimaji wakija, wakute makaburi mawili, wapime hayo.

Mungu awape... awape pumzi ndefu. Hedwiga, mikono yako isikauke. Kilian, ziwa likurudishe kila siku. Pankras, mwanangu, nimekukasirikia kwa sababu... umefanana na baba yako, naye nilimpenda. Lakini wewe usinyamaze.

Hilo bakuli. Maji yaliyobaki, sitayamaliza. Chukua wewe, si Hedwiga. Nenda pale ulipochimba... ummwagie dada yako. Taratibu. Acheni mlango wazi, nisikie.