Bisibisi Aliyekataa Kusaini

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana. Sauti yangu leo ni kavu, na sitaomba radhi.

Tunamkumbuka fundi mitambo wa kiwanda cha sabuni. Mume wa mke mmoja, baba wa mabinti watatu. Tumemzika juzi akiwa na miaka hamsini na minne. Wengi mlimwita Bisibisi, kwa sababu aliegemeza bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Akiinua kichwa anakutajia beringi iliyochoka. Mnafungua, mnaikuta ni hiyo hiyo.

Miaka ishirini na sita alifanya kazi pale. Narudia, ishirini na sita.

Mkewe anaoka mikate na huingia kazini alfajiri, kwa hiyo aliyewasuka mabinti kabla ya shule ni baba yao. Alisugua vidole mpaka grisi itoke, akaketi kwenye stuli, akawaweka mmoja mmoja katikati ya magoti. Njia za nywele zilinyooka kama zimepigwa rula. Binti mkubwa ananiambia: "Nikitikisika, baba alisema kichwa changu kina nati iliyolegea."

Sasa tufike kwenye boila.

Kiwanda kina maboila mawili, yale matangi makubwa ya kuchemshia maji yatoe mvuke. Mwaka juzi Bisibisi aliingia ndani ya lile la zamani na tochi. Akakuta chuma kimeliwa na kutu, unene umebaki nusu. Akamwambia meneja lisiwashwe. Meneja akamsukumia fomu ya ukaguzi asaini kwamba ni zima. Bisibisi akaandika neno moja tu mahali pa saini: "Siwashi."

Meneja akafunga kiwanda wiki mbili, akawarudisha watu nyumbani, akawaambia ni nani wa kumlaumu. Nao wakamlaumu, tena kwa bidii. Msimamizi wa chumba cha kufungashia ni kaka wa mke wa Bisibisi. Alikuja nyumbani wakiwa mezani, watoto wakisikia.

"Shemeji, saini tu," alisema. "Karatasi haina mdomo."

Bisibisi akamjibu, "Karatasi haina. Boila linao."

Shemeji aliondoka bila kugusa chakula, akaenda kuzungusha barua ya kumtaka Bisibisi afukuzwe. Watu themanini na mmoja walitia majina yao. Akafukuzwa. Vifaa vyake vilitupwa nje ya geti ndani ya kiroba. Akaja mtu mwingine, akasaini, boila likawashwa.

Na mimi nina langu. Wiki ile nilisoma tangazo la meneja hapa hapa, kwa madaha, kwamba kiwanda kimesimama kwa sababu ya ukaidi wa mfanyakazi mmoja. Sikumpigia simu huyo mkaidi nimuulize ameona nini. Nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka studio hii.

Ilipita miezi kumi na minne. Jumanne, saa nne asubuhi, Bisibisi alikuwa barazani anatengeneza cherehani ya jirani. Boila la zamani likapasuka. Mabati ya mtaa mzima yalilia. Akakimbia na kandambili. Mlinzi wa geti alikuwa na amri ya kutomruhusu kuingia. Alimfungulia. "Watu wote walikuwa wanatoka," mlinzi anasema. "Yeye peke yake alikuwa anaingia."

Boila la pili lilikuwa bado linasukuma mvuke kwenye bomba lililokatika, na mvuke wote unamwagika mlangoni mwa chumba cha kufungashia. Ndani kulikuwa na watu sita. Koki ya kulifunga bomba ilikuwa nyuma ya ukuta, na waliopo hawakuijua ilipo. Bisibisi aliijua. Aliizungusha kwa mikono mitupu, mvuke ukimchoma, mpaka ikafunga. Sita walitoka wazima. Wa tatu kutoka alikuwa shemeji yake.

Hakuna mwingine aliyekufa. Ni yeye tu, siku ya tisa, adhuhuri, hospitalini, mikono na kifua vimeungua. Binti mdogo alimwambia siku ile asubuhi kwamba sasa atajisuka mwenyewe. Baba yake akamwelekeza: "Anzia katikati."

Meneja ametuletea salamu za rambirambi tuzisome. Zinasema kiwanda kimempoteza mfanyakazi wake mwaminifu. Mfanyakazi wake tangu lini? Mlimtupia kiroba. Sizisomi. Nimezirudisha kwa dereva aliyezileta, na mjane amerudisha maua yenu kwa dereva huyo huyo.

Siku ya mazishi shemeji alifika mlangoni. Mjane akamwambia, "Kaa nje, kaka." Akasimama juani, kofia mkononi, mpaka tulipotoka na jeneza. Hakupewa nafasi ya kulibeba. Kuna watu wameniomba niseme hapa kwamba dada amsamehe kaka yake. Sitasema. Nilimuuliza mjane anataka nisemeje, akajibu: "Usimwite shujaa. Hakutaka kuingia mle. Alitaka wamsikilize, arudi nyumbani mzima."

Kwa hiyo simwiti. Mama, pole sana. Mabinti, poleni sana. Nilimsema baba yenu vibaya mbele ya watu wote hawa, na mbele yao ninakiri kwamba nilikosea.

Nanyi wasikilizaji, kazini kwenu pengine yuko mtu anayesema kuna kitu hakiko sawa, na mmeshamchoka. Mmempa jina la kumcheka. Mnamfahamu. Mchana huu mwendeeni, mketi naye, mmuulize ameona nini.