Minyoo Ambayo Haikuwepo

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, Daktari Msimamizi wa hospitali yetu, Mchungaji Mutugi, wenzangu wa maabara, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Ruguru uliyetoka Kiritiri alfajiri ili ufike hapa: nawasalimu.

Mmenisifu sana leo ninapostaafu. Mmesema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja ya kupima damu, mimi Winfred Igoki sikuwahi kukosea. Yupo mmoja ambaye asingekubaliana nanyi: marehemu Kithaka, mume wa Ruguru.

Kithaka alikuwa mfugaji wa mbuzi. Alikuja akijikuna na kukohoa. Katika damu yake niliona eosinofili zimejaa kupita kiasi, zile chembe nyeupe ambazo huongezeka mtu akiwa na minyoo au mzio. Daktari akampa dawa ya minyoo. Nani angemlaumu? Wagonjwa wengi wa namna hiyo huku kwetu huwa na minyoo kweli.

Akarudi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Choo chake hakikuwa na yai hata moja la minyoo, lakini chembe zilizidi kupanda. Mara ya nne miguu ilikuwa imevimba. Akanitania, "Daktari, hii minyoo yangu imekula kiapo?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Maliza dawa, mzee, utapona."

Nilikuwa nimesoma kuhusu ugonjwa adimu ambao chembe hizo huongezeka zenyewe na kuharibu moyo. Nilishuku. Niliandika majibu, nikatia sahihi, nikanyamaza. Mimi ni mtu wa maabara tu, nani angeniuliza?

Daktari mwingine alipopeleka damu Nairobi, moyo ulikuwa umeshachoka. Majibu yalifika siku tisa baada ya mazishi. Ulikuwa ule ugonjwa adimu, wa aina ambayo vidonge huweza kuituliza.

Ruguru aliniuliza mlangoni pa maabara, "Kwani angepona?" Nikasema, "Sijui, mama."

Mama Ruguru, leo nakujibu mbele ya watu. Huenda angepona, nami nilishuku mapema. Naomba unisamehe. Ukishindwa, sitakulaumu.

Nanyi vijana mnaobaki, damu ikikataa maelezo, mpigieni daktari simu. Akifoka, mwacheni afoke, kisha mpigieni tena. Mgonjwa hana njia ya kujua mlichokiona.

Mama Ruguru, asante kwa kukaa mpaka mwisho. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza.